Mama Aliyejificha Nyuma ya Kwaya

Mzee Lukumani wa Gongoni alipatwa na ugonjwa ambao hakuna mtu Tabora aliyewahi kumdhania: huruma. Kwa miaka hamsini alijulikana kama fundi fremu wa kukuchelewesha mpaka ukaja kuchukua picha ya harusi siku ya talaka. Ghafla akaanza kupita nyumba kwa nyumba, bisibisi mfukoni, koleo mkononi, akitoa huduma bure.

"Nakagua mchwa," alisema. "Mchwa wa siku hizi wanaanzia nyuma ya picha."

Habari za mchwa hazina mbishi Tabora. Picha iliteremshwa ukutani, Lukumani akang'oa vimisumari, akafunua ubao wa nyuma, akachungulia, akaguna, akafunga. Chai ikiletwa, akanywa. Ikiletwa na mihogo, akagundua kuna fremu nyingine chumbani ya kukagua.

Ukweli ni kwamba alichokitafuta alikiweka mwenyewe. Zamani, karibu na stesheni, palikuwa na studio ya picha ya Mgoa mmoja, Mhindi wa kutoka Goa. Mgoa alipofunga na kuondoka, Lukumani alichukua maboksi matatu ya picha ambazo wenyewe hawakuzirudia: watu waliovaa, wakajipaka mafuta, wakasimama mbele ya kamera, kisha wakapotea kama wamemezwa na reli. Picha zile zilikuwa za karatasi nzito. Fremu ikilegea, unajazia karatasi nyuma ili picha ibane kwenye kioo. Mafundi wengine walijazia magazeti. Lukumani alijazia Tabora.

Kwa hiyo mji mzima wa zamani ulikuwa umebanwa nyuma ya mabwana harusi na mahujaji. Kwa Mzee Abdulatifu, nyuma ya picha ya Makka, walitokea wanawake sita wa ngoma wamejifunga kibwebwe, na wa katikati alikuwa mama mkwe wake, yule aliyekataza hata redio. Nyumba nyingine alitokea babu wa familia. Mjini hapa kila mtu babu yake alikuwa kiongozi wa msafara wa kwenda Ujiji. Kwa hesabu hiyo misafara ilijaa viongozi mpaka mizigo ikatembea yenyewe. Babu huyu alipigwa picha uzeeni, begani ana sugu kubwa kama andazi, na nyuma ya picha pameandikwa kwa wino: mpagazi. Mjukuu aliomba irudishwe ilikotoka, na msumari uongezwe.

Lakini Lukumani alikuwa akitafuta picha moja tu, na aliitafuta kwa hofu. Ilikuwa ya mama yake, ya pekee duniani, iliyopigwa kwa Mgoa huyohuyo mwaka ambao yeye Lukumani alikuwa bado tumboni. Mama alifariki mtoto hajatimiza miaka miwili. Sura yake Lukumani hakuijua. Aliyeijua ni dada yake, Bibi Mwanajuma, na ndiye aliyemletea picha ile mwaka themanini na tisa aitie fremu. Lukumani akaiweka juu ya meza kifudifudi, hata hakuitazama. Alipokuja kuitafuta, juu ya meza palikuwa peupe, na maboksi ya Mgoa yalikuwa pembeni yake, na yeye wiki nzima alikuwa anajazia fremu bila kutazama.

Miaka thelathini na tano alimwambia dada yake picha iko Dar, inasafishwa.

"Wanaisafisha na nini, Lukumani?" aliuliza Mwanajuma. "Na ulimi wa paka?"

Sasa Mwanajuma ana miaka themanini na moja na presha ya macho. Daktari alisema jicho la kulia limekwisha, na la kushoto halifiki mwakani. Mwanajuma hakulia. Alimwita mdogo wake, akamwambia, "Hao watu wako wa Dar waambie nataka kumwona mama na uchafu wake hivyohivyo. Kabla ya Ramadhani."

Ndipo mchwa wakavamia mji.

Baada ya miezi miwili ya chai za watu, Lukumani alipata akili ya kumchokonoa dada yake. "Hivi dada, ile picha uliniletea lini hasa?"

"Wiki ile chumba chako kilijaa picha za kwaya. Hata pa kuniketisha hukuwa napo." Akamgeuzia jicho lililobaki. "Kwa nini unauliza, kama iko Dar?"

Lukumani akakumbuka ghafla kwamba ana swala, ingawa adhuhuri alishaiswali na alasiri ilikuwa mbali.

Kwaya. Ilikuwa ya parokia moja pale mjini, na wanakwaya kumi na wawili walitaka picha yao ya jubilei, fremu kumi na mbili sawasawa. Aliwafuatilia mmoja mmoja. Alipanda treni mpaka Kaliua kwa mwalimu mmoja mstaafu, akatoka na picha ya timu ya mpira ambayo golikipa wake amevaa kanzu. Alikwenda Bukene kwa mjane mmoja, akapata picha ya jumba la sinema la zamani na foleni mlangoni, na mwenye nyumba akalia kwa sababu wa tatu kwenye foleni alikuwa kaka yake. Fremu kumi na moja. Mama hayumo.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mama Wenceslaus, yaani Apolinaria, aliyekuwa sauti ya kwanza, Msukuma wa Ziba aliyeolewa mjini. Lukumani alimweka mwisho makusudi. Mnyamwezi na Msukuma ni watani, na Apolinaria utani aliuchukulia kama wito.

"Shikamoo, mzee wa mchwa," alisema mlangoni. "Nimesikia habari zako. Kwangu hawajafika, labda uwe umekuja nao."

"Marahaba. Niangalie tu ile picha ya kwaya, mtani."

"Ile? Fremu yako ilianguka zamani, kioo kikavunjika. Nikapeleka kwa fundi mwingine, akaimaliza siku hiyohiyo. Nikadhani ni mchawi."

Lukumani aliishika ile picha, akaona ubao mgeni na misumari migeni. Hakuifungua. Akaketi kwenye kochi, na ukutani mbele yake bibi mmoja wa zamani alimtazama kutoka kwenye fremu pana yenye ukingo wa karatasi nyeupe, kichwa ameinamisha kidogo kama mtu anayejizuia kucheka.

"Huyo bibi yake marehemu mume wangu, Alois," alisema Apolinaria. "Mwitikie basi, mbona anakutazama."

Lukumani akarudisha bisibisi mfukoni, akaaga. Alirudi nyumbani, akakaa miguuni pa dada yake, akasema yote: meza, maboksi, kwaya, na kwamba Dar hakuna kitu.

Mwanajuma alijifunga upya kanga yake. Kisha akasema, "Basi hata mkono wangu umeupoteza."

"Mkono gani?"

"Baba alitupeleka wawili, mimi na mama. Mgoa alipoingia ndani ya kitambaa chake cheusi, nikajua anakuja kunila. Nikakimbia. Mama akanishika, nikachomoka, nikabaki nimeshika pindo la kanga tu. Picha ikatoka na mama, na mkono wangu pembeni umeng'ang'ania kanga yake. Baba alinichapa kwa kuharibu picha. Ndiyo maana sikuwahi kukwambia."

Lukumani aliinuka pale miguuni. Mkono wa mtoto, pembeni, bila mtoto. Mkono ule aliuona. Mwaka elfu mbili na tatu mama mmoja alimletea picha ya bibi wa kale, na yeye fundi akasema, "Huu mkono unaharibu, nitaufunika," akakata ukingo wa karatasi nyeupe, akaufunika, akapokea hela yake. Alimtia mama yake fremu kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi yule Msukuma wa Ziba.

Kesho yake asubuhi walikuwa sebuleni kwa Apolinaria, Lukumani na dada yake.

"Ilitoka nyuma ya kwaya, siku ile ilipoanguka?" aliuliza Lukumani.

"Ilitoka. Alois aliiokota akasema, 'Huyu bibi yangu, picha yake ilipotea.' Alilia, mzee. Sikuwahi kumwona analia." Apolinaria alisimama mbele ya ukuta kama anazuia mlango. "Tumemwombea rozari miaka ishirini. Wajukuu zangu wote wana pua yake."

"Mama yangu alikuwa anafunga Ramadhani."

"Basi sala zimemfikia pande zote, ana bahati. Lakini hatoki."

Mwanajuma alisema taratibu, "Mwanangu, mfungue tu. Ukikuta mkono, ni wangu."

Apolinaria alimtazama yule bibi mwenye jicho moja. Mkono ule alikuwa anaukumbuka. Alois alisema ni wa malaika. Akateremsha picha mwenyewe. Lukumani alitoa bisibisi, na kwa mara ya kwanza maishani akamaliza kazi kwa dakika tatu.

Karatasi nyeupe ilipotoka, mkono ulikuwa pale, vidole vinne vimekamata pindo la kanga. Mwanajuma aliivuta picha mpaka ikakaribia kope. Akaikagua kwanza kona, kisha kiwiko, kisha uso.

"Alikuwa anacheka," alisema. "Miaka yote hii nilimkumbuka amekasirika."

Lukumani naye alichungulia juu ya bega la dada yake, akaona kitumbo chini ya kanga, akajua yumo.

Apolinaria alijifuta pua. "Chukueni," alisema. "Alois nitamweleza huko mbele."

Mwanajuma akamrudishia picha. "Mrudishe ukutani, mwanangu. Nitakuja kila Ijumaa kumwona, mpaka jicho lichoke. Nikimpeleka kwa huyu, Idi haitafika kabla hajawa nyuma ya kalenda."

"Na huo mkono?" aliuliza Lukumani.

"Huo usifunikwe."

Lukumani alipima, akapiga misumari, akatundika. Apolinaria akarudi nyuma hatua mbili.

"Imepinda," alisema. "Na mchele wa Ijumaa mtakuja nao wenyewe. Siwezi kulisha ndugu niliowapata leo."