Risasi ya Nyati kwa Kanga wa Lundo

Aibu hii nimeibeba kimya tangu mwaka jana, na nisingeitoa kama shemeji yangu asingeanza kuisimulia vibaya hapa Mbinga, tena akiongeza kwamba nililia, jambo ambalo si kweli (nilipiga kelele, na kupiga kelele si kulia), kwa hiyo nimeona niseme mwenyewe, ili mnaocheka mcheke kwa usahihi.

Mimi ni mpima kahawa kwenye chama cha ushirika. Maishani sikuwa nimewahi kushika silaha kubwa kuliko manati. Ila nina simu, na kwenye simu kuna wazungu wenye ndevu wanaoeleza habari za bunduki kutwa nzima, na msimu wa kahawa ukiisha mimi sina la kufanya, basi nikawaangalia mpaka nikajiona nimehitimu: ile ndogo ya ishirini na mbili ni ya sungura, shotigani yenye punje ni ya ndege, na ukibadilisha risasi inamfaa hata nguruwe pori wa karibu, raifo ya mia tatu na nane ni ya swala, ya mia tatu sabini na tano ni ya nyati, na ukifika mia nne hamsini na nane hapo unaongea na tembo. Haya nilikuwa nayamwaga kwa vijana wa bodaboda pale stendi, nao wakaniita Mtaalamu, na mimi nikaitika.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Kasembe, anaishi Lundo, kule chini ziwani. Yeye ni mwindaji wa kibali tangu ujana wake, mtu mpole, maneno machache, na gobore lake lilikuwa limechoka wakati nguruwe pori wanamalizia muhogo wake. Alipopata ruhusa ya kununua bunduki mpya ya kuwindia akaniomba nimsindikize Songea, kwa kuwa naujua mji. Sikilizeni vizuri: kumsindikiza tu.

Dukani muuzaji akamuuliza kwa adabu, "Mzee, unawinda nini?"

Mzee alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, mimi nikajibu, "Kila kitu, mpaka nyati."

Akanigeukia taratibu. "Mkwe, Lundo kuna nyati?"

Nikamweleza kwamba nyati ni mnyama wa kuhamahama, leo hayupo kesho yupo, na mtu makini hanunui bunduki ya leo. Muuzaji hakunibishia (kwa nini anibishie?). Alikuwa ameshaitoa ile shotigani mzee aliyoitazama tangu tunaingia, nami nikaisukuma pembeni kwa kidole kama sahani ya mboga iliyopoa. Mzee hakutaka kunivunjia heshima mbele ya mgeni, akakubali. Tukarudi na mia tatu sabini na tano yenye darubini juu, nzito kama mchi wa kutwangia, na njia nzima nilikuwa naongea mimi peke yangu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ubatizo wa mwanangu wa kwanza, tukaufanyia kwao mke wangu, na mzee alikuwa amemwahidi padri nyama ya kanga mchana. Asubuhi ile watu wameshajaa uani, akafika pia afisa wanyamapori, mama mmoja mfupi, Bi. Hyera, kuikagua bunduki na kuona uharibifu wa nguruwe. Wakati tunamsubiri padri aje atuchukue twende kigangoni, kanga wakatokea ukingoni mwa shamba la muhogo. Mzee akamwonesha Bi. Hyera leseni yake ya ndege, akachukua bunduki, na sisi wanaume tukasimama mbali nyuma yake.

Akapiga mara moja. Mlio ulikwenda mpaka ziwani ukarudi. Mzee Kasembe hakosei, na hakukosa, tatizo tulipofika pale tulikuta miguu miwili na manyoya mengi sana. Bi. Hyera akainua mguu mmoja na daftari lake mkononi akauliza, "Huyu alikuwa kanga?" Hakuwa anatania, alitaka kuandika.

Tukarudi uani na ile miguu. Bibi yake mke wangu akaipokea, akatazama nyuma yetu kama nyama nyingine inakuja, haikuja, akamwambia mtu aongeze dagaa wa usipa jikoni. Mtu mwenye akili hapo angejitolea kumenya ndizi. Mimi nikasema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba bunduki haina kosa, kosa ni la mpigaji, kanga analengwa shingo.

Vichwa vyote uani vikanigeukia. Ndipo nikajisikia nilichosema, na nimemsema nani, na nimemsemea wapi, tena mke wake akiwa amesimama mlangoni.

Mzee hata hakukunja uso. "Basi mkwe," akasema, "tuoneshe hiyo shingo."

Ningeweza kuomba radhi. Nilifikiria kuomba radhi. Miguu yangu ikaenda shambani. Bi. Hyera alikataa kwanza, kisha akakubali kwa masharti: risasi moja, ya kulenga dumu la njano lililowekwa mbele ya ukuta wa udongo, watu wote nyuma, na yeye ubavuni kwangu. Akanielekeza nikaze kitako begani na jicho nilitenge na darubini. Nikamwambia najua. Akanielekeza tena. Nikamwambia mama, hayo nayajua.

Niliminya. Kilichofuata sikukiona, nilikipokea. Bega likaenda nyuma, darubini ikanipiga juu ya jicho, nikaanguka chali kwenye matuta, suruali ya suti ya ubatizo ikapasuka toka mkanda hadi goti, na mdomoni mwangu likatoka neno moja tu, kubwa, nikaita, "Mama."

Mama yangu mzazi yuko Mbinga. Mama aliyenisikia na kukimbia alikuwa mama mkwe. Na mimi na mama mkwe, tangu nimuoe binti yake, kwa heshima ya ukwe tunasalimiana kutoka upande huu wa uwanja hadi ule, hata mkeka mmoja hatujawahi kuukalia. Nilipofumbua jicho lililobaki nikakuta kichwa changu kipo mapajani mwake, ananifuta damu, kitenge chake ameshanifunika pale suruali ilipoachia, na uso ameugeuzia kando asinitazame. "Tulia, baba," akawa ananiambia. "Tulia." Nilitamani darubini ingemaliza kazi.

Dumu lilikuwa zima. Bi. Hyera aliichukua bunduki, akaandika na hilo daftarini.

Padri akatukuta hivyo hivyo. Akatutazama, akauliza kwa upole kama mafuta ya ubatizo aliyobeba yatatosha, au arudi akachukue na yale ya wagonjwa.

Mwanangu akabatizwa. Nilimbeba mwenyewe, kichwa kimefungwa kitambaa, kitenge cha mama mkwe kiunoni, na ndiyo picha tuliyo nayo, mke wangu kaitundika sebuleni na hataki kusikia habari ya kuitoa.

Mwezi uliofuata mzee alifuata taratibu zote, akaenda tena Songea kubadilisha, safari hii akasindikizwa na mkewe. Alirudi na shotigani. Nasikia nguruwe wamepungua, na kanga wanafika jikoni wakiwa na nyama. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia nisijali, lakini nimwahidi kwamba mtu mwingine akiulizwa swali, nitamwacha ajibu. Nikaahidi.

Wiki iliyopita, kwenye mzani, mkulima mmoja akaniuliza bunduki gani inafaa kwa nyani wanaomaliza mahindi yake. Safari hii nimeulizwa mimi, na jibu nilikuwa nalo, limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Nikamwelekeza ofisi ya wanyamapori, nikamwomba aweke gunia linalofuata.