Sikio la Kuazima

Kwa miaka thelathini fundi mmoja wa mafriji alifanya kazi kwa kusikiliza, na mtaa mzima ukamwita Sikio. Aliegemeza kichwa nyuma ya friji, akafumba macho, na kuutaja ugonjwa kabla hajafungua mfuko wa vifaa. Lakini hakuna refu lisilo na ncha. Mwaka ule sikio lake la kulia lilizimika kabisa, na la kushoto likawa linadaka nusu ya maneno. Hakumwambia mtu. Hata mkewe alidhani amenuniwa. Fundi Sikio asiyesikia, nani atamwita tena?

Asubuhi moja aliitwa na mkunga mstaafu, mama aliyeishi peke yake na asiyejua kumung'unya maneno. Friji yake ilikuwa haipozi. Maziwa yalichacha kwa siku moja, na dawa yake ya sukari ilikuwa imehamia kwa jirani. Sikio akaegemeza kichwa. Kimya. Akageuza upande wa pili. Kimya vilevile.

"Pole, mama. Mota imekufa. Itabidi ununue friji nyingine."

Mkunga akamkazia macho. "Imekufa? Baba, mbona inanguruma tangu juzi? Maiti gani huyo anayekoroma?"

Uso wa fundi ukawaka. Angeweza kubisha, maneno ya kiufundi alikuwa nayo tele. Badala yake alijishusha juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Siisikii, mama. Mwezi wa sita sasa sisikii."

Mkunga hakucheka. Alihamia upande wake wa kushoto, akapaza sauti. "Mimi macho yalipofifia, nilizalisha kwa vidole. Na mikono yako nayo imeziba?"

"Mikono ni mizima."

"Basi inuka. Nitakusikilizia."

Sikio akaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa ya moto, inatetemeka. "Huwa inapumzika?"

"Wapi! Hata kumeza mate haimezi."

Mota isiyopumzika imeelemewa na joto. Hilo alilijua tangu ujana wake. Akachomoa waya, akaivuta friji iliyokuwa imebanwa ukutani. Mabomba ya nyuma yalikuwa yamejifunika vumbi kama blanketi. Akayasugua kwa brashi. Kisha akabana karatasi mlangoni na kuivuta. Ikateleza bila ubishi. Mpira wa mlango ulikuwa umeganda uchafu wa sharubati, haushiki. Akauosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaukausha, akajaribu tena. Safari hii karatasi iligoma. Akairudisha friji, akiacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, akachomeka waya.

Aliporudi alasiri, mkunga alimpokea kidole juu. "Imenyamaza!"

Fundi akagusa mota. Imetulia. Ndani, kipimajoto kilisoma nyuzi nne. Mkunga akaenda kwa jirani kuchukua dawa yake.

Jioni ile Sikio alimweleza mkewe. "Kumbe!" mke akasema, akimpiga kikofi begani. "Na mimi miezi yote hii najiuliza nimekukosea nini!"

Siku hizi, akiingia nyumba ya mtu, huweka kiganja kwanza, kisha humwambia mwenye nyumba, "Hebu nisikilizie, inasemaje?" Na watu wazima, baba zima na ndevu zake, huinama nyuma ya friji na kumwigia kwa sauti kubwa: inakoroma, inakohoa, inagonga meno. Yeye huitikia kwa kichwa taratibu, kisha hufungua mfuko.