Pumzi ya Baltasar
Jumapili, saa tano asubuhi. Misa imekwisha, na ukumbi wa Chama cha Muziki cha Benimarell unanuka kahawa na mafuta ya kulainishia vyombo vya muziki. Mtunzi Remei Escrivà ameketi nyuma ya wapiga ngoma, penseli mkononi. Bendi inafika ukurasa wa nne wa utunzi wake mpya, na bombardino, ndugu mnene wa tarumbeta, linaanza kuimba peke yake.

Mpulizaji wake, Consol Tormo, mfamasia wa mji, anaishiwa pumzi katikati ya kifungu. Anaondoa mdomo kwenye chombo.

Sauti inaendelea.

Inashuka kama ilivyoandikwa, inafika mwisho, inanyamaza. Mwongozaji, Vicent Palop, amekwisha kushusha fimbo.

"Nani huyo?"

"Si mimi," anasema Consol. "Mimi nilikuwa nahema."

"Basi ni ukuta."

"Ukuta wenu unasoma noti, Vicent?"



Remei ana miaka hamsini na minane. Alasiri hufundisha watoto kusoma noti. Asubuhi hutunga kwenye meza ya jikoni, akiwa amesogeza kando sufuria ya wali. Kazi zake zinakaribia arobaini, na karibu zote hazijawahi kuvuka bonde hili la michungwa. Utunzi wa sherehe humpatia yuro mia sita, "na kikapu cha machungwa, kana kwamba mimi naishi jangwani."

Huu mpya ungeweza kuvuka. Kiongozi wa okestra ya jiji kubwa ameahidi kuja kuusikiliza kwenye sikukuu ya Septemba.

Huko Benimarell mtunzi hatungii vyombo, hutungia watu. Juu ya kila karatasi huandikwa jina la mpulizaji, na mtunzi hutakiwa kujua nani ana meno ya bandia na nani huogopa kuingia wa kwanza. Kosa lilizaliwa hapo. Kifungu kirefu kuliko vyote Remei alimtungia Baltasar Ferri, mwashi mwenye pumzi isiyokuwa na mfano, akaandika jina lake juu, akapeleka kuchapwa. Baltasar alikuwa amezikwa Januari. Remei mwenyewe alitembea nyuma ya jeneza.

"Mkono uliandika," anasema. "Ukimtungia mtu miaka thelathini, mkono haupokei habari za msiba upesi."

Maelezo ya kawaida yapo. Dari liko juu sana, tarumbeta la besi liko karibu, na watu waliompenda marehemu mmoja wanaweza kusikia jambo moja bila jambo hilo kuwapo. Maelezo haya yana udhaifu mmoja: sauti ile ilitetemeka kidogo mwishoni, kasoro ambayo waongozaji watatu walimkaripia Baltasar kwayo, na hakuiacha.

Consol aligoma siku hiyo hiyo.

"Dada Remei, nakupenda, ila sipulizi tena. Niliporudisha mdomo, chombo kilinuka tumbaku. Mimi sivuti."

Ni kweli kwamba chombo ni cha chama na kwamba Baltasar alikuwa akikipuliza huku kiko chake cha tumbaku kikiwa mfukoni. Consol hakushawishika.

"Kata ukurasa wa nne," Vicent alimsihi mtunzi, "tuishi kwa amani."

Lakini ukurasa wa nne ndio utunzi wenyewe. Mengine ni njia ya kuufikia. Remei alikuwa bado anapima ombi la Vicent mjane wa Baltasar, Bi Fina, alipoingia jikoni kwake bila kubisha.

"Nimelala naye miaka arobaini, na kwangu haji! Kumbe yuko ukumbini anapuliza, mzee asiye na haya!"

"Unataka nikate, Bi Fina?"

"Usikate. Ila usimchoshe, mwanangu. Alikufa kwa mapafu."

Remei anasema hakula siku hiyo. Jioni alichukua penseli, akatia alama ya pumzi katikati ya kifungu, kisha akaenda kugonga mlango wa duka la dawa.

"Nimekuwekea mahali pa kuhema," alimwambia Consol. "Nyote wawili."

Ijumaa iliyofuata Consol alirudi. Alipofika kwenye alama alinyamaza, na kabla hajajaza kifua chake, ukumbi mzima ulisikia pumzi ikivutwa: ndefu, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Ilitoka kushoto kwake, mahali pasipo na kiti. Kisha bombardino likamaliza, na sauti ilikuwa ya Consol peke yake, nyembamba, isiyotetemeka.

Hilo halina maelezo ya kawaida, au bado halijapata.

Utunzi utapigwa Septemba, na ukurasa wa nne upo. Remei hasemi lolote kuhusu mgeni wa jijini. Mpango wake ni mwingine: Bi Fina akae kushoto kwa Consol, na pumzi ile ikisikika, amwambie mumewe kwamba sasa anaweza kwenda.

Bi Fina amekubali, kwa sharti.

"Nitamwambia," anasema. "Lakini kwanza amalize wimbo wake."