Ngwe ya Darasa la Nne

Binti yangu alipoanguka kutoka kwenye mchungwa na kuvunjika paja, nilibaki na mambo mawili kichwani: apone, na asirudie darasa. La kwanza niliwaachia Mungu na madaktari wa Korogwe. La pili nikalibeba mwenyewe, maana mimi kukaa na kusubiri sijui, na watu wa nyumbani kwangu wanalijua hilo vizuri kuliko wanavyotaka.

Tunaishi Sindeni. Mume wangu ananunua mahindi Kang'ata na Misima na kuyapeleka Korogwe, kwa hiyo siku nyingi za wiki yuko barabarani. Mimi ni mama wa nyumbani. Watu husema "mama wa nyumbani" kama vile mtu amekaa anakula upepo. Nalima, nateka maji, nafua, natwanga, napika, na katikati ya hayo nagombana na kuku. Mimi ni Msambaa wa Korogwe niliyeolewa kwa Wazigua, na nilisoma mpaka kidato cha nne, ingawa cheti chenyewe sipendi sana kukionyesha.

Hospitali walimning'iniza mguu kwa mawe ya uzito, kisha wakamfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kuanzia kiunoni mpaka kwenye vidole. Tulirudi naye nyumbani akiwa amelazwa nyuma ya gari la mahindi, juu ya godoro. Daktari alisema asikanyage chini mpaka atakapoambiwa. Mtihani wa taifa wa darasa la nne ulikuwa mwishoni mwa mwaka, na asiyeufanya anabaki darasa la nne.

Nilikwenda kumwona mwalimu mkuu. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mama, mtoto bado mdogo. Mwache apone. Mwakani atarudia, mwaka mmoja si kitu."

Kwangu mimi kilikuwa kitu. Mdogo wake wa kiume alikuwa darasa la tatu, na mwakani angeingia la nne. Huyu binti ndiye aliyemshika mkono siku yake ya kwanza shuleni, akamfunga kamba za viatu, akampiga mtoto mmoja aliyemnyang'anya kiazi. Sasa wakae darasa moja, wafanye mtihani mmoja, majina yao yabandikwe kwenye ukuta mmoja?

Ningeweza kunyamaza na hofu hiyo, lakini kijana wangu aliitoa hadharani. Tulikuwa tunakula jioni, mama mkwe wangu akiwepo, maana nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja wetu. Mtoto akauliza, mdomo umejaa ugali, "Mama, dada akirudia tukawa darasa moja, bado nitamwita dada?"

Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama anavyouliza kila kitu. Bibi yake akamchapa kofi la mkono. "Koma wewe! Dada ni dada!"  Binti yangu aligeuza uso ukutani, akajifunika kanga, na chakula chake akakiacha vilevile.

Tangu siku ile kijana akaacha kumwita dada yake chochote. Nadhani aliogopa kofi jingine. Alikuwa anasema tu "chukua kalamu," au "mama amesema ule," huku akiangalia pembeni. Na yeye binti akajifanya hasikii tofauti. Mimi nilikuwa naisikia, na ilikuwa inanikata.

Basi nikaanzisha shule. Godoro la binti nililiweka kwenye kibaraza cha nyuma, karibu na jiko, ili nikiwa napika nimwone. Rafiki yake wa darasani alimwazima madaftari yake yaliyokwisha kujaa, maelezo na mazoezi, yote yamesahihishwa na mwalimu. Tatizo lilikuwa muda. Mabomba yetu hutoa maji yanapojisikia, na yasipojisikia tunakwenda kwenye bwawa la lambo, na lamboni kuna foleni. Nikirudi kuna mahindi ya kupukuchua, kuna nguo, kuna mtoto wa kugeuzwa ubavu na kupelekwa haja, na hogo lile lilikuwa zito kama yeye mwenyewe.

Nikasema nitafanya kama shambani. Shambani kwetu kila mtu anapimiwa ngwe, kipande chake cha kulima siku ile. Ukimaliza ngwe yako unapangusa jembe na kuondoka, hakuna wa kukuuliza. Mfumo mzuri. Hauhitaji msimamizi. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kubeba ndoo nilikuwa namfungulia binti kitabu na kumwonyesha: kuanzia hapa mpaka hapa, ndiyo ngwe yako. Ukimaliza, umemaliza, ucheze na simu ya bibi yako.

Ilifanya kazi mno. Nilikuwa nikirudi na maji nakuta kurasa zimejaa, mwandiko umenyooka, na yeye anasikiliza redio ya simu. Nilikuwa nasahihisha upesi upesi nikiwa nimesimama, mwiko mkono mmoja, nikilinganisha majibu yake na yale ya rafiki yake. Vema, vema, vema. Nilijisifu. Nilimpigia mume wangu simu Korogwe nikamwambia mwalimu mkuu atajuta.

Mume wangu aliporudi alikaa pembeni ya godoro, akafunua madaftari, akafurahi. Kisha akasema kwa utani, "Haya mwanangu, nisaidie kazi. Nina magunia tisini na sita, gari linabeba ishirini na manne. Litakwenda safari ngapi?"

Binti aliniangalia mimi. Akaangalia dari. Akasema, "Mbili?"

"Mbili kivipi?"

 Baba yake akamwandikia hesabu yenyewe kwenye daftari, kugawanya, ile ile aliyokuwa ameifanya kurasa tatu nzima. Alishika kalamu lakini hakujua aanzie wapi.

Mtu yeyote aliyewahi kulima ngwe anaujua ujanja wa kufukia majani. Badala ya kuzamisha jembe unaparua juu juu, unageuza udongo kidogo na kuyafunika majani, na kwa mbali shamba linaonekana jeusi, limelimwa. Mvua ya kwanza tu, majani yote yanasimama. Binti yangu alikuwa amenakili daftari la rafiki yake tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi nilikuwa nalinganisha nakala na asili yake.

Niliwaka. Nilisema mengi, na mengine sitaki kuyarudia. Nilimwambia mimi nakatika mgongo kwa ndoo za maji kumbe yeye ananichezea akili. Yeye alingoja nipumzike kidogo, halafu akasema, machozi yakimtoka, "Mama, wewe ulisema nikimaliza ngwe nimemaliza."

 Nilikwenda jikoni nikaanza kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mume wangu akanifuata. Akasimama mlangoni na kusema, "Mama watoto, huyu anahitaji mtu wa kukaa naye. Wewe kaa naye."

"Na haya masufuria yakae na nani?"

"Nikiwepo, na mimi."

Nilicheka. Alikuwa hatanii. Siku ya pili alirudisha mlango wa jiko ili majirani wasione, akabandika maji. Mimi nikakaa kibarazani na binti, tukachukua punje za mahindi, tukaanza kugawanya upya kabisa, kama mtoto wa chekechea. Nyuma yetu tulikuwa tunasikia mtu anapigana na mwiko.

Mama mkwe akaja kuniletea mboga ya mchunga kutoka shambani. Alipita moja kwa moja, akasukuma mlango wa jiko, akamkuta mwanawe amepiga magoti mbele ya sufuria, jasho linamtiririka. Akasimama. Kwetu mwanaume hupika akiwa na sababu kubwa, na kwa kawaida sababu hiyo imelazwa ndani inasubiri kuzikwa.

"Kafa nani humu?" akauliza.

"Hajafa mtu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mkeo anaumwa?"

"Anafundisha."

Alitoka akaja kutuangalia. Nikamwamkia bila kunyanyuka, maana punje zilikuwa zimejaa kwenye mapaja yangu, na moyoni nilijiandaa kwa vita. Alituangalia sana. Kisha akarudi jikoni, akaonja ugali wa mwanawe, akautema. "Mbichi," akasema. "Toka hapo. Sikukuzaa uje kuwaua wajukuu zangu."

Kuanzia siku hiyo alikuja kila siku kupika, na mume wangu akahamishiwa kwenye maji. Siku anazokuwepo alibeba madumu kwenye baiskeli bila kulalamika. Nilipata muda wa kufundisha nikapoteza jiko langu. Chumvi ilihamia kwenye kopo la sukari. Sufuria ya wali ikawa ya maharage. Siku moja tunakula bada, siku ya pili bada, siku ya tatu ule ule ugali wa muhogo, kwa kuwa yeye mahindi anayaona chakula cha kuuza. Nikisema kidogo ananijibu, "Wewe fundisha, mwalimu." Kuna siku nilitamani kulia kwa hasira, na kuna siku nilijua kabisa kwamba bila mama yule ningeshindwa, na mara nyingi ilikuwa siku ile ile moja.

Alikuwa anamtania binti kutoka jikoni. "Mke mwenzangu, umejua?"

"Bado, bibi."

"Basi na chakula bado."

Ngwe niliifuta kabisa. Badala yake tulifanya hesabu chache, lakini kila moja alinieleza kwa mdomo ameipataje. Akikwama tunarudi. Mimi mwenyewe nilikwama kwenye hesabu za sehemu, nikampigia mume wangu akiwa sokoni Korogwe, na naye akaniambia subiri nimuulize mtu. Kiingereza kilinishinda waziwazi. Tulikariri maneno ya kwenye daftari la rafiki yake na kumwomba Mungu yatoke hayo hayo. Kijana alikuwa akitoka shule anakaa pembeni na kazi zake za la tatu. Swali likimshinda alikuwa analisukuma mbele ya dada yake bila kusema, na dada yake anamwonyesha bila kusema. Hawakugombana. Ningependa wangegombana.

Hogo lilifunguliwa mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Mguu ulitoka mwembamba, wenye magamba, na yeye akaukataa, akasema si wake. Alijifunza kutembea na magongo, kutoka kibarazani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka kwa bibi. Siku ya mtihani baba yake alimpeleka kwa pikipiki ya kukodi, yeye katikati, magongo yameshikwa na mimi kwa nyuma kama bendera. Wasimamizi walinikataza kukaa karibu na dirisha, na walikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mkwe leo napika mimi, nikaunguza maharage, na yeye, kwa mara ya kwanza, hakusema kitu.

Matokeo yalitoka shule zikiwa zimefungwa. Mume wangu aliyaona kwenye simu ya mwenzake huko Korogwe na kunipigia. "Amepata C," akasema. "C inavuka?" nikauliza, ingawa nilijua. Akasema inavuka. Nilikaa chini pale pale nilipokuwa, karibu na kinu, nikalia kwa sauti mpaka mama mkwe akaja mbio akidhani sasa kweli kafa mtu.

Binti yangu nilipomwambia aliuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo mimi la tano?"

"La tano."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Mdogo wake alikuwa uwanjani anaviringisha tairi, na nilimwona amesimama kusikiliza. 

Shule zilipofunguliwa niliwaamsha mapema. Magongo yalikuwa yameachwa, ila bado alikuwa anachechemea, na mwendo wa kwenda shule ni mrefu. Niliwafungia viazi. Kijana alikwisha kutoka, amesimama njiani, na nikaona amebeba mikoba miwili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani.

Binti akamfuata mpaka kwenye uzio, akasimama. "Wewe tangulia," akamwambia. "Mimi naenda polepole. Utachelewa siku ya kwanza ya la nne, upigwe."

Kijana akauweka sawa ule mkoba wa kifuani. Aliangalia nyumbani kwa bibi yake, kama mtu anayehakikisha kofi liko mbali, kisha akamwangalia usoni.

"Tutachelewa wote, dada," akasema. "Twende."