Uvimbe Mmoja, Vipimo Vitatu

Sogea nikusimulie, mwanangu, wewe unayeanza kushika sonda ya ekografia, kile kichwa cha mashine tunachokipitisha juu ya tumbo ili tuone ndani. Nakumbuka siku moja ambayo hata leo ikinijia njiani, natazama chini.

Nilikuwa kijana mwepesi wa mkono, na nilipenda kusifiwa kwa wepesi huo. Mama mmoja wa Katoyi, aliyeolewa karibuni na hajapata mtoto bado, alikuwa na uvimbe katika mfuko wa uzazi. Nilimpima, akarudi baada ya miezi, nikampima tena, namba ikatoka kubwa zaidi. Nikaandika: umekua. Kwa neno langu hilo, madaktari wakapanga kuutoa mfuko wote.

Muzee aliyenifundisha kazi akaniita wakati mama huyo ameshalala kwenye kitanda cha kupimia. Akafunika kwa kitambaa pembe ya kioo inayoonyesha namba.

"Pima."

Nikapima.

"Toa mukono, anza tena."

Nikarudia, nikarudia tena, naye kila mara akichungulia chini ya kitambaa. Mwishowe akazitaja namba zangu kwa sauti. Hakuna iliyofanana na mwenzake.

"Mashine imezeeka, muzee," nikasema.

"Hata mimi nimezeeka. Lakini mashine haina mukono, mutoto yangu. Mukono ni yako."

Mama akainua kichwa. "Docta, sasa niko na bivimbe bitatu?"

Wauguzi wakacheka. Mimi nikajifanya napangusa tumboni mwake jeli ya kupimia ambayo nilikuwa nimeshaipangusa.

Uvimbe, mwanangu, ni kama avoka, parachichi: ukilikata kwa urefu utaliona kubwa, ukilikata kwa upana utaliona dogo, na avoka ni lilelile. Siku ya kwanza picha yangu iliukata kwa upana, kibofu chake cha mkojo kimejaa na kuubana. Aliporudi, iliukata kwa urefu, naye ametoka chooni. Tena mwamba ngoma huvutia kwake: nilitazamia umekua, mkono ukaenda kuutafuta huo ukubwa.

Muzee akapima mwenyewe, kwa utaratibu wa siku ya kwanza. Haukuwa umekua. Upasuaji ukasimamishwa. "Aksanti sana, papa," mama akamwambia, akanipita mimi bila neno.

Hilo nilistahili. Kinachoniuma zaidi ni wale niliowapima kabla yake, waliorudi Bunagana na Masisi na majibu yangu. Sijui nani kati yao nilimdanganya.

Ukupigao ndio ukufunzao. Usione haya kupima upya. Aibu ni kuuamini mkono uliopita mara moja tu. Mungu aupe mkono wako utulivu, na kila atakayelala mbele yako ainuke na ukweli wake.

Basi kesho mgonjwa akirudi, weka picha ya zamani kando ya mpya. Uliza kama kibofu kimejaa kama siku ile, mlaze vilevile, tafuta mkato uleule, usikandamize. Funika namba, upime mara tatu. Zikikataa kukubaliana, usiandike kitu: mwite mwenzako apime.