Siku Ndugu Zake Léa Walipokubali Kula

Léa alikuwa mzito tangu uzazi wa pili, na uzito ule ukamla magoti, ukampandisha presha. Bintiye Christelle, muuguzi huko Lubumbashi, akampeleka kwa daktari. Daktari hakuficha: sindano hii ya kupunguza unene ni ya kila wiki, miaka na miaka, ukiiacha, mwili utarudi. Christelle akawa anazituma, na Léa akaziweka kwenye frigo ya jirani yake Tshiala, mke wa askari, ambaye aliuza vinywaji baridi kwenye kambi ya jeshi.

Mwaka ukapita. Léa akaenda sokoni kwa miguu yake, beseni la samaki kichwani, bila kushika ukuta wa mtu. Wifi yake Mauwa akamcheka mbele ya wateja.

"Weye Léa, unakauka sawa samaki yako! Bantu banasema kaka yangu anakunyima bukari."

Maneno yakafika Malemba-Nkulu, kwao Léa. Kaka yake mkubwa, Kabamba, akaja na wazee wawili. Wakawekewa bukari, ugali wa huko, na kuku, hawakunawa. Kwao, anayemkondesha binti yao chakula chake hakiliwi. Na ukishakila, kesi umeimaliza. Wakaondoka na njaa yao.

Mumewe Kitwa hakuivumilia aibu ile. Mwanaume akiaibika, mwili wa mke ndio unaolipa.

"Ulishapona," akamwambia. "Nani anaendelea na dawa ya malaria, homa ilishaisha?"

Akazichukua sindano kwa Tshiala, akazitupa chooni. Léa akalia, kisha akafuta machozi. Mke wa mtu akalilie wapi?

Mwili ukarudi kama daktari alivyosema. Magoti yakakataa. Meza yake ya samaki ikakaliwa na Mauwa.

Ndipo Kabamba na wazee wakarudi. Kumwona dada yake amejaa kitini, Kabamba akacheka kwa furaha.

"Sasa njo unafanana na mama yetu!"

Wakanawa, wakala, wakalamba vidole, wakamshukuru shemeji yao. Kitwa akatanua kifua.

Léa akangoja sahani ziondolewe. Kisha akavuta chini ya kiti termosi yenye barafu, aliyoletewa na Tshiala asubuhi, ndani yake sindano mpya iliyotumwa na Christelle. Akapandisha blauzi, akajichoma sindano tumboni mbele ya wote.

"Léa!" Kitwa akaruka.

"Ukae, papa Christelle. Yaya Kabamba, kaka yangu, mulishakula?"

"Tulishakula."

"Basi kesi ilishaisha. Miye nitakonda tena, na hamuna tena neno la kumuuliza Kitwa. Na yeye hana tena aibu ya kuogopa."

Léa akamnyooshea kaka yake mkono.

"Sasa muniinue. Peke yangu siwezi tena."