Watu wa Theluji wa Kashata

Mimi ni mkali, sikatai. Nimezaliwa hivyo, na Tottenham ya London haikunipunguza hata kidogo. Majirani wa jengo letu walikuwa wakinisikia kwenye ngazi kabla hawajaniona. Kwa hiyo barua ya shule ilipokuja, Desemba moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini, ikitaka kila mzazi alete kitu kidogo cha kula, kilichopambwa kwa sherehe ya Krismasi ya darasa, kiwe rahisi, watoto wakitengeneze wenyewe, nilicheka kwa dharau. Rahisi? Mimi mtu wa Tanga nipake sukari juu ya biskuti ya dukani, halafu niseme nimepika?

Nikaamua tutafanya kashata za nazi, ila badala ya kuzikata vipande tutazifinyanga ziwe watu wa theluji. Nazi nyeupe, theluji nyeupe, kazi imekwisha.

Chini ya barua palikuwa na mstari uliokolezwa wino: chakula chochote kisiwe na karanga. Nilijua mstari ule uliandikwa kwa ajili ya nani. Binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka minane, alikuwa na rafiki mmoja wa darasani kwake, wa kufa na kuzikana, binti wa mama mmoja Mkongo aliyekaa ghorofa ya juu yetu. Siku ya kwanza yule mama kumleta mwanawe kucheza kwangu, alisimama mlangoni hata viatu hajavua, akaniambia, "Mama, ile mutoto yangu, karanga inaweza kumuua." Akanionyesha sindano ya dharura iliyokaa kwenye begi la mtoto, akanisimulia walivyobebwa na ambulensi midomo ya mwanawe imevimba na pumzi haipandi. Nikamwambia nimemsikia vizuri, asiwe na wasiwasi. Moyoni nikajisemea, Mwafrika gani huyu asiyekula karanga? Lakini niliheshimu. Kila alipokuja mtoto yule nilificha kopo langu la karanga za kusaga, lile la kupikia mchicha, na meza nikaifuta mara mbili.

Basi Jumapili mchana nikawaita wanangu jikoni, yule mkubwa na mdogo wake wa miaka minne. Rafiki hakuwepo, alikuwa kanisani na mama yake. Nikapika shira ya sukari, nikatia nazi kavu ya pakiti na iliki, nikakoroga mpaka mkono ukauma. Ilipopoa kidogo tukaanza kufinyanga: donge kubwa chini, dogo juu. Macho tulifanya kwa mbegu nyeusi za habbasoda, pua kwa vipande vyembamba vya karoti, na shingoni tukawafunga utepe wa peremende nyekundu. Mdogo aliwapa watu wake macho manne manne, na pua nyingi ziliishia tumboni mwake. Nilifurahi siku ile, nisiwadanganye. Niliimba hata.

Sasa, kwetu sinia la kashata halipakwi mafuta. Bibi yangu alilinyunyizia karanga zilizosagwa laini kama unga, ili kashata zisigande, na mama yangu akafanya hivyo hivyo, na mimi mkono wangu ulizoea kabla kichwa hakijazoea. Nikafungua kopo, nikanyunyiza, nikafunga. Niwaambie ukweli, sikuona kwamba nimetia karanga. Karanga ni kitu unachotia ndani ya chakula. Ile ya sinia, kwangu mimi, ilikuwa sehemu ya sinia.

Binti yangu aliona. Alikuwa ananijibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa kule. Akasema, "Mama, lile kopo…"

"Lile kopo limefanya nini? Finyanga, donge linakauka hilo."

Baada ya muda akajaribu tena. "Mama, lakini…"

"Lakini ya nani? Unataka kunifundisha kashata, wewe? Nimepika kashata hata hujafikiriwa kuzaliwa."

 Akapanga watu wake kumi na wawili kwenye sinia, mmoja mmoja, taratibu mno, na mimi nikadhani ni adabu.

Jumatatu asubuhi nilimfikisha getini, akapokea sinia lililofunikwa nailoni, akaingia nalo mwenyewe. Mimi nikaenda zangu kazini Stratford, nilikokuwa nasafisha ofisi. Saa sita na nusu tukapumzika, mimi na mwenzangu wa Mombasa, tukatoa chai. Nikamfungulia kibakuli cha kashata zilizovunjika.

Akatafuna, akalamba kidole. "Shoga, karanga zake tamu."

"Hizo za nazi."

"Za nazi, ndiyo. Na hapa chini je?" Akanigeuzia kipande. Unga wa kahawia ulikuwa umeshika chini yake kote.

Chai ilinimwagikia mapajani wala sikuhisi moto. Nilikimbilia simu ya ofisi, nikapiga shuleni: inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Sherehe ilikuwa saa saba. Nikamwambia mwenzangu aendelee kupiga, nikavaa koti juu ya sare ya kazi, nikatoka bila hata kumuaga msimamizi. Treni mbili za chini ya ardhi na basi moja. Kule chini huwezi kumpigia mtu, huwezi kumharakisha mtu, unakaa tu unamtazama mwenzako anasoma gazeti. Akilini nilimwona yule mama Mkongo mlangoni kwangu na viatu vyake, ananiamini. Nilisoma dua zote ninazozijua na nyingine nilizitunga. Nilimwambia Mungu, nichukulie chochote, ila mtoto wa watu usimchukue kwa mkono wangu.

Nilifika saa saba na nusu. Ukumbi umejaa makelele na meza imejaa vitu: biskuti za nyota, keki za chokoleti zilizonyunyiziwa sukari nyeupe, kulungu wa karatasi. Watu wangu wa theluji hawamo. Hata sinia halimo. Nikasema, wameliwa. Yule mtoto nikamwona katikati, taji la karatasi kichwani, midomo myekundu. Nilimrukia, nikamshika taya mbele ya mwalimu na wazazi wa watu, nikamfungua mdomo.

"Umekula nini? Umekula nini, mwanangu?"

"Jeli, anti," akasema, anashangaa. "Ya stroberi."

Alikuwa anapumua vizuri. Mwalimu akanivuta pembeni akidhani nimerukwa na akili. Nikamuuliza kashata ziko wapi, akasema hajaona kashata yoyote. Na binti yangu? Akasema binti yangu amekataa kuingia kwenye sherehe, amekaa kwenye chumba cha makoti tangu chakula kilipoanza, yeye amembembeleza mpaka ameshindwa.

Nilimkuta kwenye benchi, chini ya makoti ya wenzake. Sinia lilikuwa nyuma ya miguu yake, na mbele yake ameweka begi lake la michezo, kama mtu anayelinda mlango. Aliponiona akaanza kulia kabla sijasema neno.

"Sijawatupa, Mama. Wapo wote kumi na wawili. Hesabu."

Nikakaa sakafuni, nikafunua nailoni, nikawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu.

"Wangekukasirikia wewe," akasema.

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

 Nililijua jibu swali likiwa bado mdomoni, na lilinichoma kuliko ile chai. Mtoto wa miaka minane alikuwa amepima: huku rafiki yake afe, huku mama yake afoke. Akaona bora akose sherehe, awalinde wote wawili peke yake. Nafuu niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena, hata nilipojifungua. Ilinijaa mpaka nikacheka na kulia pamoja, na ndani yake aibu imekaa palepale kama kokoto kwenye wali.

Nikamwambia, "Nisamehe. Siku nyingine ukiona nakosea, sema."

"Hata ukikasirika?"

"Hata nikikasirika. Sema kwa sauti kunishinda."

Akafuta machozi kwa mkono wa sweta, akafikiri. Akasukuma sinia kwangu kwa ncha ya kiatu, akasimama, akaanza kuelekea mlango wa ukumbi kulikokuwa na makelele. Nikamwita arudi nimkumbatie.

"Usinishike, Mama," akasema kwa sauti kubwa, kumbe ndiyo anaanza. "Una karanga. Nenda kanawe mikono kwanza."

Nikaenda kunawa.